Bakteria au bunduki? Kuchagua njia ya kuingiza jeni kwenye mmea

Ukipita kwenye shamba la pamba ya Bt kule Busia, utaona mpamba kama mpamba mwingine wowote. Lakini ndani ya seli zake mna jeni mbili za kumkomesha funza wa vitumba, na kila moja iliingilia mlango wake. Ya kwanza, cry1Ac, ilipelekwa na bakteria. Ya pili, cry2Ab, ilipigwa kwa bunduki baadaye, kwenye uzao uliokwisha kubeba ya kwanza. Kenya iliruhusu pamba hiyo ilimwe kibiashara Desemba 2019. Mkulima anataka vitumba vipasuke vizuri na bei iwe ya kueleweka. Mlango jeni iliopitia haumhusu. Unamhusu sana mwanafunzi aliyepewa mada ya utafiti, bajeti ya kubana na miaka miwili ya kumaliza.

Kila mwaka hunijia mmoja au wawili wa namna hiyo, na swali ni lile lile: "Daktari, nitumie agrobakteria au bunduki ya jeni?" Nami humrudishia swali: mmea wako unaweza kuuotesha upya kutoka kwenye kidonge cha seli kisicho na mzizi wala jani? Wengi hunyamaza. Wamesoma kurasa na kurasa za jinsi jeni inavyoingia, na hawajawahi kuona kalusi (ndicho kidonge hicho) ya mmea wao ikitoa hata chipukizi moja. Nimewaandikia hao. Ninakoegemea nitakusema mapema: kwa maabara zetu nyingi, bakteria ndiye wa kuanza naye, na bunduki itolewe kwa sababu maalumu. Sababu hizo zipo, na moja yao imepata nguvu mpya tangu uhariri wa jeni, yaani kurekebisha jeni za mmea mwenyewe, uingie.

Bakteria anavyofanya kazi

Agrobacterium tumefaciens, ambaye hapa nitamwita agrobakteria, ni mkazi wa udongo. Mwaka 1907 Erwin Smith na Charles Townsend, wakiwa Marekani, walionyesha kuwa ndiye anayesababisha uvimbe unaoota penye shina na mizizi ya mimea mingi. Ilichukua miongo mingi kujua anafanyaje. Mwaka 1974 kundi la Jeff Schell na Marc Van Montagu kule Ghent, Ubelgiji, liligundua kuwa siri iko kwenye plazmidi, pete kubwa ya DNA iliyo nje ya kromosomu ya bakteria. Mwaka 1977 Mary-Dell Chilton na wenzake wakathibitisha kwamba kipande cha plazmidi hiyo huhamia ndani ya seli ya mmea na kukaa humo.

Kisa chenyewe ni cha ujanja. Mmea ukijeruhiwa hutoa kemikali za fenoli, mojawapo asetosiringoni. Bakteria akiinusa, jeni zake za vir huamka. Protini moja hukata kipande cha DNA kwenye mipaka yake miwili na kubaki imeshikamana nacho, nyingine hukifunika kisiharibiwe njiani, na kundi jingine hujenga mfereji mwembamba wa kukipitishia. Kikifika kwenye kiini cha seli kinajichomeka kwenye kromosomu. Kwa asili kipande hicho hubeba jeni za homoni zinazofanya seli zigawanyike ovyo, ndipo uvimbe unapotokea, pamoja na jeni za kutengeneza opini, chakula ambacho agrobakteria ndiye hasa anayejua kukila. Yaani anaulazimisha mmea umpikie.

Sasa angalia walichokiona watafiti: bakteria hajali kilicho katikati. Anachotambua ni ile mipaka, kila mmoja na herufi 25 hivi za DNA. Ukiondoa jeni za homoni na za opini, ukaweka unazotaka wewe, atazipeleka kwa bidii ile ile. Mwaka 1983 makundi ya St. Louis na Ghent yalipata tumbaku na petunia za kwanza zenye jeni za kigeni kwa njia hii. Mwaka huohuo Leiden, Uholanzi, wakaonyesha kuwa kazi inaweza kugawanywa kwenye plazmidi mbili: moja ndogo yenye jeni yako, nyingine kubwa yenye jeni za vir. Hadi leo ndivyo tunavyofanya, kwa sababu ile ndogo unaijenga kwa urahisi ndani ya E. koli, bakteria wa kila siku wa maabara, kisha unaihamishia kwa agrobakteria.

Mezani kazi inakwenda hivi. Unatoa kichupa kwenye friza ya nyuzi hasi 80, unachora bakteria kwenye sahani ya petri yenye antibaiotiki, unaziacha kwenye nyuzi 28 kwa siku mbili. Antibaiotiki mojawapo huwa rifampisini, ile ile ya kifua kikuu, nyekundu kama damu ya mzee. Ikikumwagikia kwenye koti la maabara, koti hilo limeshapata alama yake. Unakuza mchuzi usiku kucha, unaupima kwenye spektrofotomita mpaka usomaji wa nanomita 600 ufike kama 0.5, unaongeza asetosiringoni, unauogesha kalusi kwa nusu saa. Unakausha kwenye karatasi ya chujio, unaviacha viwili hivyo pamoja gizani kwa siku tatu. Kisha kazi ngumu inaanza: kumwua bakteria bila kuua mmea.

Bunduki inavyofanya kazi

Agrobakteria alikuwa na ubaguzi. Kwa asili hakuwa akiotesha uvimbe kwenye mahindi, mpunga, ngano wala mgomba, na kwa miaka kadhaa iliaminika hazitamkubali kamwe. Katika pengo hilo John Sanford wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na Edward Wolf na Nelson Allen, walipata wazo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unacheka: tuupige mmea risasi. Walianza na vitunguu, kwa kuwa seli zake ni kubwa. Mtambo wao wa mwanzo ulitumia baruti kurusha chembe za tangsteni zilizopakwa vinasaba, na matokeo yalichapishwa 1987. Leo baruti imeachiwa gesi ya heliamu, na tangsteni, ambayo huweza kuwa sumu kwa seli, imeachiwa dhahabu.

Dhahabu yenyewe usiitarajie ing'ae. Ni vumbi la kahawia, kila chembe mikroni 0.6 hadi 1.6. Unaichanganya na DNA, kalisi kloridi na spemidini, unatikisa bila kupumzika, unaosha kwa alkoholi, unadondosha mikrolita chache kwenye kisahani cha plastiki na kuacha ikauke. Unapanga kila kitu ndani ya chumba cha mashine, unanyonya hewa, unafungulia heliamu. Shinikizo likifika, tuseme pauni 1,100 kwa inchi mraba, diski ya plastiki inapasuka: pap! Kisahani kinasukumwa, kinagonga wavu na kusimama, dhahabu inaendelea na safari mpaka ndani ya seli. Chembe moja ikitua vyema, DNA inachomoka na baadhi yake inaingia kwenye kromosomu. Kwa nini inaingia mahali fulani na si pengine, mashine haikuulizwa.

Ni kazi ya kuridhisha, sikatai. Mwanafunzi akifyatua mara ya kwanza hutabasamu kama mtoto aliyepewa fataki.

Tofauti zinazouma

Ya kwanza ni idadi ya nakala. Agrobakteria kwa kawaida huacha nakala moja hadi tatu za jeni yako, mwanzo na mwisho wake vikijulikana. Bunduki huweza kuingiza nakala nyingi, nyingine zimevunjika, nyingine zimeshikana kichwa kwa mkia. Nakala nyingi hazimaanishi nguvu nyingi. Mara kwa mara mmea huzishuku na kuzinyamazisha zote. Ndiyo maana ukipiga bunduki unahitaji mistari mingi zaidi (kila mstari ni uzao wa seli moja iliyobadilishwa) ya kuchuja kabla ya kupata mmoja wa kuaminika. Ila tusiapie: bakteria naye hupitiliza mpaka mara nyingine na kuburuta uti wa plazmidi usioutaka, na bunduki ikipigwa na kipande kifupi kilichonyooka badala ya plazmidi nzima, kwa kiasi kidogo cha DNA, hutoa matokeo safi kuliko sifa zake. Cry2Ab ya ile pamba ya Busia iliingia hivyohivyo, kwa kipande kilichonyooka.

Ya pili ni uongo wa matokeo ya mapema, na hapa bakteria ndiye mkosaji. Tunapojaribu mfumo mpya hutumia jeni ya GUS, ambayo seli iliyoipokea ikilowekwa kwenye dawa ya X-Gluc hugeuka bluu. Tatizo ni kwamba agrobakteria aliyebaki juu ya kalusi huweza kuiwasha jeni hiyo hata yeye mwenyewe. Unaona bluu, unapiga picha, unampigia simu msimamizi, kumbe ni rangi ya bakteria. Dawa yake ni kutumia GUS iliyowekewa introni, kipande cha kukatiza jeni, ambayo mmea unajua kuikata na bakteria hajui. Kadhalika kwenye PCR, kipimo cha kusaka kipande cha DNA kwa kukirudufu: mmea ukionyesha jeni yako, ujaribu pia na jeni ya vir, ambayo haipaswi kuwa ndani ya mmea. Zote mbili zikitokea, unachopima ni bakteria mwenye kujificha. Kwa bunduki hofu hii haipo kwa sura hiyo, ingawa DNA iliyopakwa nje ya seli nayo hukaa siku kadhaa, basi usikimbilie kupima wiki ya kwanza.

Ya tatu ni hali ya hewa, na sijui kwa nini miongozo ya kigeni huipitia haraka. Labda kwao kiyoyozi hakizimiki. Jumatatu moja nilifungua chumba tulikoweka kalusi na bakteria pamoja tangu Ijumaa, nikakuta kipimajoto kinasoma 31. Stima ilikuwa imepotea Jumamosi. Jenereta ililisha friza na taa, na kiyoyozi cha chumba kile hakikuwa kwenye laini yake. Kalusi zilikuwa nzuri, bakteria wamenawiri kama uji uliomwagika. Tulipoziloweka kwenye X-Gluc hatukupata doa hata moja. Bakteria walikuwa hai na wenye afya, ila hawakupeleka kitu. Ukipita nyuzi 28 hivi mfereji wa kupitishia DNA haujengeki sawasawa, na hali nzuri ya siku zile tatu iko kati ya nyuzi 19 na 24. Miezi mitano ya kuandaa kalusi ikaenda na wikendi moja. Kabla ya kuagiza kemikali yoyote, nenda kamuulize fundi wa stima chumba chako kiko kwenye laini gani.

Bunduki haijali joto kiasi hicho, lakini ina adui wake: unyevu. Dhahabu ikikaukia kwenye hewa nzito huganda mabonge, na bonge likitua kwenye seli ni jiwe kwenye yai. Rafiki yangu aliyefanya kazi hiyo pwani alilazimika kukausha visahani ndani ya kopo lenye silika la sivyo kila risasi ilikuwa ya kubahatisha.

Ya nne ni pesa. Ukishapata kichupa cha bakteria kutoka kwa mwenzako kwa makubaliano ya kuhamisha vifaa, yaliyobaki ni kemikali. Asetosiringoni hutumika kidogo mno. Antibaiotiki ya kuwaua bakteria ndiyo inayokula bajeti, maana unaiweka kwenye kila sahani kwa miezi. Sefotaksimu ya sindano kutoka famasia huokoa watu wengi. Mashine ya bunduki yenyewe hufika mamilioni ya shilingi za Kenya, na kila mfyatuo unakula diski, kisahani, wavu na dhahabu, vyote vya kuagizwa. Mtungi wa heliamu ni hadithi nyingine: ukiisha katikati ya wiki ya kazi, kalusi hazikusubiri. Kuna muundo rahisi wa bunduki unaopuliza chembe moja kwa moja kwa heliamu bila diski za kupasuka, uliochapishwa na John Finer na wenzake mwaka 1992, na fundi mzuri wa chuma anaweza kuujenga. Nimeuona ukifanya kazi. Nimeuona pia ukivuja.

Ya tano, mahali jeni inapokwenda. Bakteria hupeleka kwenye kiini, kwa sababu protini iliyoshika kile kipande ina anwani ya kiini. Ukitaka jeni ikae kwenye kloroplasti, agrobakteria hatakusaidia. Huko ni bunduki, kama kundi la Pal Maliga lilivyofanya na tumbaku mwaka 1990. Faida ya kloroplasti ni kwamba kwa mazao mengi hurithiwa kwa mama, kwa hiyo chavua haisambazi jeni kwa jirani, na kila seli ina kloroplasti nyingi kiasi kwamba protini hutoka kwa wingi. Mtu mwenye lengo hilo asipoteze siku na bakteria.

Kibali kinaangalia nini

Wanafunzi wengi hudhani njia moja ni rahisi zaidi kuidhinishwa. Marekani jambo hilo liliwahi kuwa kweli kwa namna ya kuchekesha. Sheria yao ya kilimo iliangalia kama mmea umetengenezwa kwa kutumia mdudu au kijidudu kinachodhuru mimea, na agrobakteria yumo kwenye orodha hiyo. Mwaka 2011 kampuni moja ikapeleka nyasi za bustani zilizopigwa bunduki, zisizo na kipande chochote cha kijidudu cha namna hiyo, na idara ikakiri kwamba haina mamlaka juu yake. Kanuni zao ziliandikwa upya mwaka 2020, lakini mahakama ikazifuta Desemba 2024 na zile za zamani zikarudi.

Kwetu Kenya, chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayoteknolojia ya 2009, kinachoangaliwa ni mmea wenyewe na jeni iliyomo. Uwe umetumia bakteria, bunduki au sindano ya bibi, faili ni lile lile na maswali ya Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Kibayoteknolojia ni yale yale: nakala ngapi, ziko wapi, nini kingine kimeingia. Hapo ndipo nakala moja safi inapokulipa. Kila nakala ya ziada ni kurasa za maelezo.

Na akitokea mtu kwenye kikao cha wadau kusema kuwa kuhamisha jeni ya bakteria kwenda kwenye mmea ni jambo lisilowahi kutokea duniani, mletee kiazi kitamu. Mwaka 2015 watafiti wakiwemo wa Ghent na wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi kule Lima walionyesha kuwa vipande vya DNA ya agrobakteria vimo ndani ya viazi vitamu vinavyolimwa. Kimoja walikikuta kwenye sampuli zote 291 za viazi vya kulimwa walizozipima. Bakteria alishafanya kazi hiyo kabla ya maabara kuwapo, na bibi zetu wametuchemshia matokeo.

Uhariri wa jeni umebadilisha hesabu

Kwa mazao ya mbegu, kutumia agrobakteria kupeleka mkasi wa CRISPR, zana ya kukata DNA mahali ulipochagua, si tatizo. Mkasi unakata, halafu unapanda mbegu na kuchagua watoto waliorithi badiliko bila kurithi mkasi. Mgomba hauna mbegu. Muhogo una mbegu, lakini ukishaupitisha kwenye uzazi wa mbegu umepoteza aina uliyoipenda. Kwa hiyo mkasi ulioletwa na bakteria unabaki ndani, na mmea unaendelea kuhesabiwa kuwa wenye jeni za kigeni. Mwongozo wa uhariri wa jeni uliotolewa Kenya mwaka 2022 unatenganisha mimea iliyobaki na DNA ya kigeni na ile isiyobaki nayo, kwa kuangalia kesi moja moja, na tofauti hiyo ni ya miaka na mamilioni.

Hapa bunduki inarudi kwa heshima. Unaweza kupaka dhahabu protini ya mkasi iliyokwisha kuungana na RNA yake ya kuongoza, bila DNA yoyote. Inaingia, inakata, inaoza. Mahindi na ngano zimehaririwa hivyo. Agrobakteria wa kawaida hana namna rahisi ya kufanya hilo, kwa kuwa kazi yake ni kupeleka DNA. Kikwazo ni kwamba bila jeni ya uteuzi huwezi kuua seli zisizohaririwa kwa antibaiotiki, kwa hiyo unapima mamia ya mimea mmoja mmoja.

Njia ya tatu ni protoplasti: unavua seli kuta zake kwa vimeng'enya, unaingiza mkasi kwa polietilini glaikoli, unasali ziote. Kwa viazi ulaya na letusi zinaota. Kwa mazao yetu mengi haziotei, au zinaota baada ya mwanafunzi kuhitimu. Zitumie kujaribu kama mkasi wako unakata, jibu utalipata kwa siku mbili tatu, kisha urudi kwenye njia nyingine.

Ndugu wa agrobakteria, kwa ufupi

Kuna binamu yake anayeotesha mizizi yenye manyoya, Agrobacterium rhizogenes. Kwa kunde na soya hukupa mizizi iliyobadilishwa ndani ya wiki chache juu ya mmea wa kawaida. Nzuri mno kwa utafiti wa vinundu, minyoo fundo na ukame, bure kabisa ukitaka mbegu. Mwaka 2005 kikundi cha CAMBIA kule Canberra kilionyesha kwamba hata bakteria wa vinundu vya mikunde wanaweza kupeleka jeni wakipewa plazmidi zinazofaa. Kisayansi inapendeza, kwa ufanisi bado wako nyuma ya mwenye kazi yake.

Na kama huhitaji mmea wa kudumu, ila protini tu, piga agrobakteria kwa sindano isiyo na ncha chini ya jani la Nicotiana benthamiana. Baada ya siku chache unavuna majani. ZMapp, mchanganyiko wa kingamwili dhidi ya Ebola, ulitengenezwa kwenye mmea huo kwa msaada wa bakteria huyu. Ndio uliotumika kama kipimo cha kulinganishia kwenye jaribio la dawa kule Beni na Butembo, Kongo, kuanzia Novemba 2018. Dawa mbili nyingine ziliushinda Agosti 2019. Ulishindwa kwa uwezo wa kutibu. Bakteria na jani walikuwa wametimiza yao.

Zao kwa zao

Muhogo: bakteria, bila kusita. Mwaka 1996 kundi moja lilipata muhogo wenye jeni mpya kwa agrobakteria na jingine kwa bunduki, na tangu hapo wa kwanza ndiye aliyeshinda, hasa kwa kalusi laini inayomeguka. Mstari 4046, unaohimili michirizi ya kahawia na ulioruhusiwa na Kenya mwaka 2021 kuingia majaribio ya kitaifa, ulitoka huko, kwenye aina ya TME 204. Ila usikilize hili: TME 204 kwa asili hustahimili batobato, ugonjwa mwingine wa virusi vya muhogo, na ilipopitishwa kwenye kalusi na kuoteshwa upya, ustahimilivu huo ulipotea, hata kwenye mimea isiyopewa jeni yoyote. Ilibidi mstari huo ukutanishwe na aina za wakulima zenye kuhimili. Kosa hilo halikuwa la bakteria wala la bunduki. Lilitoka kwenye ukuzaji tishu, ile sehemu ambayo wanafunzi huiita maandalizi tu.

Mgomba: mwaka 1995 njia zote mbili zilichapishwa kwenye jarida moja, makala zikifuatana. Kenya na Uganda kazi kubwa imefanyika kwa bakteria na seli zilizoelea kwenye mchuzi, zinazotokana na maua machanga ya dume ndani ya kile kitumba chekundu. Kuzipata huchukua miezi mingi, na baadhi ya aina hukataa kabisa. Kwa njia hiyo ndizi zilipewa jeni za pilipili hoho dhidi ya mnyauko wa bakteria, zikajaribiwa shambani Kawanda, Uganda, kuanzia 2010. Na kundi la Leena Tripathi jijini Nairobi lilitumia agrobakteria mwaka 2019 kupeleka CRISPR kwenye Gonja Manjaya na kuharibu virusi vya michirizi vilivyojificha ndani ya jenomu yake. Ukiniuliza leo kuhusu mgomba: jeni mpya, bakteria. Uhariri unaokusudia kufika kwa mkulima, anza mapema kujaribu bunduki yenye protini, hata kama utakula hasara mwaka wa kwanza.

Mahindi: zamani jibu lilikuwa bunduki; MON810, inayozuia dumuzi wa mabua, ilitengenezwa hivyo. Mwaka 1996 Wajapani wakafungua mlango kwa viinitete vichanga na bakteria mkali, na mahindi ya ukame ya MON87460, yaliyojaribiwa Makutupora karibu na Dodoma kuanzia 2016, yalipitia kwa bakteria. Kuanza leo ni bakteria. Shida ni kwamba aina za kwetu haziotei kwa urahisi kama zile za maabara, kwa hiyo uweke kwenye bajeti jeni za kuchochea viinitete kama Baby boom na Wuschel2, au uipe jeni aina ya maabara kisha uikutanishe na ya kwetu msimu baada ya msimu.

Mtama ni mkaidi kwa njia zote mbili. Ulipigwa bunduki kwa mafanikio mwaka 1993 na ukakubali bakteria mwaka 2000, na katikati ya miaka hiyo kuna tasnifu nyingi zilizokwama kwenye kalusi inayotoa rangi ya zambarau na kufa. Ukipewa mtama, nenda kwa msimamizi wako kabla hujasaini chochote, umwombe miezi sita ya kuotesha kalusi tu, bila jeni.